Sauti za akina mama zilipotea redioni: tulitafuta waya, si mchawi

Wengi wenu mnanijua kwa habari za bandari, bei ya ndagala na ubovu wa barabara zetu. Leo nataka kuandika juu ya kitu ambacho hakionekani: njia ambayo sauti ya mtu inapita toka mdomoni mwake mpaka kwenye redio yako ndogo ya batri. Njia hiyo ina vituo vingi, na sauti inaweza kupotea kwenye kituo chochote. Ikipotea, sisi watu wa huku tuko na tabia moja: tunatafuta mtu wa kulaumu kabla ya kutafuta mahali ilipopotelea. Nimeona tabia hiyo ikikaribia kuvunja uhusiano kati ya wanawake tisa na redio yetu ya jamii. Chanzo chenyewe kilikuwa waya.

Hapa Kalemie kipindupindu si mgeni. Mji uko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, pale mto Lukuga unapotoka ziwani kwenda kuutafuta Lualaba, na watu wengi wanachota maji ya ziwa au ya mto kwa sababu hawana mengine. Mvua ikizidi, vyoo vinafurika na ugonjwa unarudi. Ni ugonjwa usiompa mtu muda. Mgonjwa anayeharisha bila kurudishiwa maji na chumvi mwilini anaweza kufa ndani ya saa chache tu. Ndiyo sababu redio iliomba kikundi cha akina mama watunge wimbo wa kufundisha watu namna ya kujikinga.

Akina mama wenyewe walikuwa tisa. Sita ni wenyeji wa kartiye moja ya karibu na ziwa. Watatu walikimbia vita vijijini kwao, wakafika mjini na watoto na mafurushi, na mpaka leo wanaishi kwa kuhifadhiwa. Wimbo waliutunga pamoja, chini ya mwembe. Ubeti wa kwanza ulisema: chemsha maji au yatie dawa. Wa pili ulisema: nawa kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kushika bukari. Wa tatu ndio uliokuwa moyo wa wimbo: mtoto akianza kuharisha maji maji, usingoje. Chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mnyweshe kidogo kidogo huku unamkimbiza kituo cha afya.

Hesabu kama hiyo lazima isikike neno kwa neno. Mama akisikia "chumvi" na asisikie "nusu", anaweza kumdhuru mtoto anayetaka kumwokoa.

Wimbo ulirekodiwa kwa siku mbili. Siku ya kwanza vijana wawili walipiga gitaa na ngoma, na fundi wetu akawarekodi kwa rekoda ndogo ya mkononi, akitumia mikro zilizo ndani ya rekoda yenyewe. Siku ya pili akina mama waliimba, na kiongozi wao alivaa kaske ili afuate gitaa. Safari hii fundi alitaka sauti iwe safi zaidi, akatumia mikro kubwa ya studio, ile yenye pini tatu. Waya wetu ulikuwa umekatika, akaazima mwingine kwa mtu anayepiga muziki kwenye harusi. Ulikuwa waya mzuri, mzito, karibu mpya. Mwisho wake ulikuwa na jeki kubwa ya kuchomeka kwenye meza ya kuchanganyia sauti, basi fundi akaongeza adapta ndogo ili iingie kwenye tundu la rekoda.

Halafu akapanga kila kitu ndani ya Audacity. Kwa wale wasioijua, hiyo ni programu ya kurekodi na kuhariri sauti, iliyoanza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani. Ni ya bure, na inakubali hata kwenye ordinateri ya zamani, ndiyo maana redio nyingi ndogo zinaitumia. Ndani yake kila sauti inakaa kwenye pisti yake, yaani mstari wake kwenye skrini. Gitaa na ngoma walikuwa kwenye pisti moja, akina mama kwenye pisti nyingine. Ukimaliza, unazichanganya zote kuwa faili moja la kwenda hewani.

Ndani ya studio, kwenye kaske, wimbo ulikuwa mtamu. Mkurugenzi alisikiliza akatingisha kichwa kwa furaha. Wimbo ukaanza kurushwa mara tatu kwa siku.

Siku ya pili yake nilikuwa kando ya soko nikikusanya bei. Papa mmoja anayeshona viatu akaniita. "Mwandishi, ule wimbo wenu wa gitaa ni mzuri. Lakini mbona hamkutia maneno?" Nilifikiri ananitania. Akaniambia ningoje, kwa sababu saa ya wimbo ilikuwa karibu. Ulipoanza, gitaa lilikuwepo, ngoma ilikuwepo. Sauti za akina mama tisa hazikuwepo. Ukitega sikio sana ulisikia kitu kidogo sana, kama watu wanaoimba nyuma ya ukuta mnene.

Jioni kiongozi wa kikundi alifika redioni na wenzake wawili. "Mwanangu, tumewakosea nini?" aliniuliza kabla hajakaa. "Nyumbani kwangu watu walijaa wanisikilize. Wakasikia gitaa la vijana. Sauti zetu mmezikata."

Mmoja wa wale waliokimbia vita alikuwa amesimama mlangoni. Hakuniangalia mimi, alimwangalia kiongozi wake. "Mama, si nilikuambia? Sisi hata tukiimba hatusikiki."

Maneno yale yaliniuma kuliko matusi. Na ndani ya ofisi hali haikuwa nzuri zaidi. Mmoja alisema mtambo wa kurushia umechoka. Mwingine alisema fundi aliwakasirikia akina mama kwa kuchelewa, akazishusha sauti zao makusudi. Wa tatu alisema ordinateri imeingiwa na virusi. Mlinzi wetu, kwa sauti ya chini, alikumbusha kwamba kuna kikundi kingine kilichotaka kuimba na kikakosa nafasi, "na watu wako na dawa zao". Kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake.

Mkurugenzi, ambaye ni mtu wa amani, aliona njia ya mkato: tufute wimbo, tuwaite akina mama waimbe tena. Nilimwomba atupe usiku mmoja. Kuimba tena ni esansi ya jenereta. Ni siku nzima ya soko iliyopotea kwa wanawake tisa wanaoishi kwa kuuza samaki na mihogo. Pia wangerudi kuimba mbele ya mikro ileile, kwa waya uleule, bila mtu kujua kilichotokea. Na kuwaambia warudie ni kama kuwaambia kwamba kosa lilikuwa kwao.

Kwenye kozi ya uandishi wa habari tulifundishwa kwamba habari ikiwa na utata, unarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea chanzo, na kila shahidi unamuuliza swali moja lililo wazi. Nikamwambia fundi, kijana mpole ambaye siku ile hakula kwa sababu ya maneno ya watu: "Tuihoji hii sauti." Akajibu: "Sawa, yaya."

Swali la kwanza lilikuwa hili: tatizo liko kwenye mtambo au kwenye faili? Kwa redio ileile ya papa wa viatu, nyimbo nyingine zilitoka na maneno yake yote. Taarifa ya habari ilisikika vizuri. Kama mtambo ungekuwa unameza sauti za watu, ungemeza na ya msomaji wa habari. Mtambo tukauacha huru.

Swali la pili: je, faili lenyewe liko sawa? Tulilinakili kwenye simu ya fundi, tukalicheza kwa spika ya simu. Gitaa tu. Maneno hakuna, na pale hapakuwa na antena wala mtambo. Kisha tukachomeka kaske kwenye simu ileile, faili lilelile. Maneno yakarudi yote, "nusu" na yote! Tuliangaliana. Ni virusi gani vinavyoogopa kaske? Na mchawi wa namna gani anaroga spika na kuacha masikio?

Swali la tatu: ni pisti gani yenye shida? Ndani ya programu kuna kitufe cha Solo, kinachonyamazisha pisti nyingine zote ili usikilize moja. Tukatoa gitaa na ngoma peke yake kuwa faili, tukalipeleka kwenye simu. Kwenye kaske sawa, kwenye spika sawa. Tukatoa akina mama peke yao. Kwenye kaske sawa. Kwenye spika, karibu kimya kabisa. Basi gitaa halikuwa linawafunika, kama mmoja alivyodai. Walikuwa wanapotea wenyewe, hata wakiwa peke yao.

Hapo fundi alifanya kile ambacho kila mtu angefanya: akapandisha nguvu ya pisti yao. Kipimo kwenye skrini kikafika kwenye nyekundu. Kwenye simu, bado hakuna kitu. Jambo hilo lilitufundisha sana. Sauti iliyo ndogo ukiipandisha inakua, lakini sifuri hata ukiizidisha mara mia inabaki sifuri. Sauti ile haikuwa ndogo. Kulikuwa na kitu kinachoifuta.

Swali la nne: kaske na spika ya simu zinatofautiana nini? Kaske ina masikio mawili, na kila sikio linapewa sauti yake, ya kushoto na ya kulia. Hiyo tunaita stereo. Simu ile ina spika moja tu, kwa hiyo inajumlisha kushoto na kulia kuwa kitu kimoja. Hiyo ni mono. Mtambo wa redio yetu nao unarusha mono. Na hata kituo kinachorusha stereo, redio ndogo yenye spika moja inapokea jumla ya pande mbili. Maana yake ni kwamba wasikilizaji wetu wengi, wa sokoni, wa mitumbwini na wa jikoni, wanaishi ndani ya mono. Sisi studio tulikuwa tunaishi ndani ya stereo.

Tukaiambia programu ijumlishe pande mbili za pisti ya akina mama. Mawimbi yaliyokuwa yamejaa skrini kama vilima yakalala, yakawa mstari karibu mnyoofu. Tukarudisha ilivyokuwa, tukakuza picha mpaka tukaona wimbi moja moja. Pale ambapo kushoto kulipanda, kulia kulishuka, kwa kipimo karibu kilekile, mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Ilikuwa kama mlima na kivuli chake ndani ya maji ya ziwa.

Nieleze kwa lugha ya hapa kwetu. Watu wawili wako ndani ya mtumbwi mmoja. Mmoja anapiga kasia kwenda mbele, mwingine anapiga kurudi nyuma, na nguvu zao ni sawa. Maji yanaruka, jasho linatoka, lakini mtumbwi uko palepale. Kwenye kaske kila mpiga kasia ana mtumbwi wake, kila sikio na lake, kwa hiyo unasikia kazi ya wote wawili. Kwenye spika moja wamewekwa ndani ya mtumbwi mmoja, na safari inakufa. Kile kidogo tulichosikia nyuma ya ukuta ni kwa sababu nguvu zao hazikulingana kabisa kabisa.

Likabaki swali la tano: nani alimgeuza mpiga kasia wa pili? Gitaa lilirekodiwa na rekoda ileile na likapita ndani ya programu ileile, nalo lilikuwa salama. Basi rekoda na programu hazina kesi. Tofauti iliyobaki ilikuwa mikro kubwa, waya wa kuazima na ile adapta.

Mikro ya pini tatu inafanya kazi kwa akili sana. Pini moja ni ya ardhi. Mbili zinazobaki zinabeba sauti ileile, ila moja inaibeba wima na nyingine inaibeba imepinduliwa. Wamefanya hivyo makusudi. Waya ukiwa mrefu, kelele ya jenereta au ya nyaya za umeme inaingia kwenye njia zote mbili kwa namna moja. Meza ya kuchanganyia inapopokea, inaipindua ile ya pili irudi wima, halafu inaziunganisha. Sauti inaongezeka, kelele inajifuta. Kwa meza, waya ule wa harusi ulikuwa waya bora kabisa.

Lakini tundu la rekoda yetu halikuwa la meza. Lenyewe linajua stereo tu: ncha ya jeki ni kushoto, pete yake ni kulia. Lilipoletewa sauti wima kwenye ncha na sauti iliyopinduliwa kwenye pete, likaandika moja kushoto na nyingine kulia. Mikro ilifanya kazi yake. Waya ulifanya kazi yake. Rekoda ilifanya kazi yake. Programu nayo ilionyesha kile ilicholetewa, haikuongeza wala kupunguza. Kila mmoja alisema kweli, lakini walikuwa wanaongea lugha mbili, na hapakuwa na mkalimani katikati.

Kutengeneza hakukuchukua hata dakika tano. Tuliigawanya pisti ya akina mama kuwa mbili, ya kushoto na ya kulia, tukafuta ya kulia, tukaiacha ya kushoto iwe mono. Mtu akitaka, anaweza kuipindua ile ya kulia irudi wima halafu aziunganishe, na hiyo pia ni sawa. Kwenye kaske tulisikia mabadiliko mara moja. Mwanzoni sauti zilikuwa kama zinaelea nje ya kichwa, huwezi kusema zinatoka wapi. Sasa zilisimama katikati, mbele yako. Shikeni alama hiyo, nyinyi mnaofanya kazi hii: sauti ya mtu mmoja, kwenye kaske, ikikosa mahali pa kukaa, ipeleke kwenye spika moja kabla ya kuipeleka hewani.

Tungeweza kuurusha wimbo asubuhi na kunyamaza. Mkurugenzi mwenyewe aliuliza: "Si umepona? Mnataka nini tena?" Lakini wimbo ndio uliokuwa umepona. Tuhuma ilikuwa bado inaumwa. Mtu aliyeambiwa moyoni mwake kwamba amenyamazishwa, ukimrudishia sauti bila maelezo, atasema umeogopa, hatasema umetengeneza.

Basi tuliwaita akina mama waje na redio moja ndogo. Hatukuwaita waimbe, tuliwaita waone. Fundi aliwaonyesha skrini, kilima na kivuli chake. Akawaonyesha waya. Nilipoanza mfano wa mtumbwi, kiongozi wao alinikata kauli: "Nimeelewa, mwanangu. Wawili wanavutana." Alielewa haraka kuliko watu wa ofisi. Fundi akasikia mbele ya wote kwamba hakumpunguza mtu. Lile kundi jingine lililosingiziwa dawa, nalo likatoka kwenye midomo ya watu. Kisha tukacheza wimbo kwa spika moja. Yule mama aliyesema hawasikiki alisikiliza mpaka mwisho bila kusema kitu. Halafu akaomba turudishe ubeti wa tatu.

Tangu siku hizo watu wananiletea mafumbo ya namna hii, wapiga muziki na watu wa kwaya. Mimi si fundi, lakini nimeona kwamba mafumbo mengi yako na umbo moja: kitu kinafanya kile kilichoambiwa, na mtu asiye na hatia anashitakiwa.

Kwaya moja ililetewa kazi yake ikiwa nzito na ya polepole, sauti za kina mama zimekuwa kama za wanaume. Waliwalaumu waimbaji kwamba walichoka, na mpiga kinanda kwamba alishusha toni. Tulipofungua pisti, tukaona namba. Sauti ilirekodiwa kwa vipimo 48,000 kila sekunde, lakini pisti ilikuwa imeambiwa ichezwe kwa 44,100. Ni kama kuhesabu noti zilezile kwa vidole vya polepole. Wimbo wa dakika 10 unakuwa wa dakika 10 na sekunde 53, na toni inashuka karibu nusu-toni moja na nusu. Tulirudisha namba yake, waimbaji wakarudi kuwa vijana.

Mwanafunzi mmoja alinakili kazi yake ya wiki mbili kwenye flashi, akaifungua kwingine, pisti zikatokea zikiwa tupu. Alikuwa tayari kwenda kugombana na mwenye ordinateri aliyoitumia, akidai amemfutia. Toleo lile la programu lilikuwa la zamani. Kabla ya toleo la 3.0 lililotoka mwaka 2021, mradi wa Audacity ulikuwa vitu viwili: faili dogo, na folda kubwa inayobeba sauti zenyewe. Faili dogo ni kama orodha ya mizigo. Alibeba orodha akaacha mizigo. Alirudi, akaikuta folda mahali pake, amani ikapatikana. Siku hizi mradi unakaa ndani ya faili moja, lakini kwenye redio za vijijini matoleo ya zamani bado yanaishi.

Na kuna fumbo dogo kuliko yote: pisti kumi, zote kimya isipokuwa moja. Kabla ya kupiga simu kwa mtu yeyote, angalia kitufe cha Solo. Mara nyingi mtu alikibonyeza jana na leo kimesahaulika.

Kwa vijana walio na studio ndani ya chumba kimoja, na kwa wenzangu wa redio za jamii, nawaachia utaratibu tulioubandika ukutani.

Kwanza, nakili kazi kabla ya kuigusa. Ukiharibu nakala hujaharibu kitu.

Pili, uliza kosa linafuata nini. Linafuata faili kila linapokwenda, au linabaki kwenye chombo kimoja? Swali hilo peke yake linaondoa nusu ya washitakiwa.

Tatu, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya, programu na simu kwa pamoja, hata ukipona hutajua ulitibiwa na nini.

Nne, tafuta kilichofanya kazi vizuri karibu na kilichoharibika, uulize vinatofautiana wapi. Gitaa letu lililokuwa salama ndilo lililotuonyesha waya.

Tano, kabla ya kurusha, sikiliza kwa redio ya msikilizaji wako: ile ya spika moja, yenye batri zinazochoka, katikati ya kelele za jikoni. Kaske ya studio inakuambia ulichorekodi. Redio ndogo inakuambia watu watapata nini.

Na nyinyi mnaotusikiliza, nawaomba kitu. Mkisikia jambo lisiloeleweka, msiseme tu kwamba redio imeharibika, wala msinyamaze kwa adabu. Tuambieni ilikuwa saa ngapi, kipindi gani, redio yako ina spika moja au mbili, kitu gani kilisikika na kipi hakikusikika. Ukitupa majibu hayo, nusu ya kazi umeshaifanya, na hakuna mtu wa kartiye yako atakayepewa jina la mchawi kwa sababu ya waya.